Sikio Bila Nta

Tarehe 4 Februari

Shemeji Sahau,

Salamu. Huku hatujambo, yaani mimi na gitaa, na gitaa ndilo linaloumwa.

Ningekupigia simu, lakini simu ina tabia ya kumuuliza mtu anaendeleaje kabla hajasema shida yake. Barua inakaa kimya mpaka mwisho.

Lile sikio ulilonitengenezea mwaka nilipomwoa dada yako limechoka. Najua nyie mafundi mnaliita pikapu, lakini nyumbani kwangu ni sikio, maana kazi yake ni moja: linakaa chini ya nyuzi kumi za gitaa langu la kulazwa kama meza, linasikiliza, linapeleka umbea kwa amplifaya. Siku hizi linapeleka hata yasiyokuwepo. Nikipandisha sauti kidogo linapiga yowe. Nikishusha, linakatika kama mtu anayesinzia mkutanoni na hataki ijulikane.

Jumamosi iliyopita ukumbini lilipiga yowe bibi harusi akiwa ndiyo anaingia. Wageni wakadhani ni sehemu ya wimbo, wakapiga makofi. Kiongozi wa bendi hakudhani hivyo. Aliniita nyuma ya jukwaa akaniambia: “Magoti, tumetoka mbali mimi na wewe. Lakini likiendelea hivi nachukua kinanda. Kina kitufe kimeandikwa jina la gitaa lako.” Akanionyesha kitufe chenyewe. Kidogo, cha kijani. Miaka thelathini ya kukanyaga kanyagio kwa miguu na kusukuma vyuma kwa magoti, yote imeingia humo na nafasi imebaki.

Amenipa mpaka mwisho wa Aprili. Sina kazi nyingine ninayoijua, na Jumamosi ndiyo siku pekee ya wiki inayonitoa nyumbani.

Kwa hiyo nisaidie kuchagua sikio jipya. Nataka lifanane na la zamani kwa kila kitu, isipokuwa yowe. Kutoka uzi wa kwanza mpaka wa kumi ni sentimita saba na nusu, nimepima mara mbili. Bila sikio gitaa langu ni ubao wa kupigia pasi, na mimi ni mzee aliyekaa mbele yake akisubiri nguo.

Mpwa wako hajambo. Hupiga simu kila Jumapili kuniuliza nimekula nini. Huwa nina jibu.

Shemeji yako,
Magoti


Tarehe 12 Februari

Shemeji Magoti,

Barua yako imenikuta nimelala chini ya pampu ya maji ya watu, nikaisoma hapo hapo kwa kuwa palikuwa na kivuli.

Sikio jipya limo kwenye boksi hili. Mizunguko elfu kumi na moja, kwa waya mwembamba kuliko unywele. Nimeihesabu kwa mdomo, mmoja mmoja. Mashine ya kuhesabu ninayo, ila siku hizi napenda kuhesabu.

Na safari hii nimelichovya kwenye nta ya moto dakika ishirini kamili, mpaka mapovu yakakoma. Nta inaingia katikati ya nyaya, inazishika zisitetemeke. Zisipotetemeka hakuna yowe. Lakini kwa nini nakufundisha? Miaka ishirini na miwili umekuwa ukinikumbusha kwamba lile la kwanza nilisahau kulichovya, mpaka ukanipa jina na jina likanikaa. Sasa wateja wanasimama mlangoni wanauliza, “Fundi Sahau yupo?” Jina zuri sana kwa mtu anayeachiwa mota za watu.

Usinishauri nilichovye lile la zamani. Nyaya zake zimeoza kwenye maungio, na nta kwa sasa ni manukato kwa maiti. Samahani. Mfano sikuuchagua vizuri.

Kuhusu kutofika kwangu siku ya kumzika dada: basi liliharibika kabla halijafika kituo chetu. Nilimweleza mpwa wangu, na wewe nakueleza.

Lifunge, upige, unipe jibu.

Sahau


Tarehe 21 Februari

Shemeji Sahau,

Boksi limefika zima. Nimelifunga, nimepiga nalo Jumamosi moja. Ni safi. Halikupiga yowe hata mara moja. Kiongozi wa bendi alitabasamu, jambo ambalo uso wake haujalizoea, akasema, “Hilo usilitoe.”

Jumapili nimelitoa.

Usikasirike. Kazi yako haina kasoro. Tatizo ni moja: halisikii. Sijui nikwambieje zaidi ya hapo. Nimerudisha la zamani wakati tunatafuta.

Kuhusu basi, nimesoma.

Magoti


Tarehe 1 Machi

Shemeji,

“Halisikii.” Nimelibandika neno hilo ukutani juu ya meza ya kazi, nikawa nalitazama siku tatu kama mwanafunzi aliyepewa hesabu ya darasa la mbele.

Nimeamua unalalamikia nguvu. Uzee unaanzia masikioni, sikulaumu. Hili la pili lina mizunguko elfu kumi na nne na sumaku ambazo zilininyang'anya bisibisi mkononi. Hili, shemeji, litasikia sisimizi akivua viatu. Kwenye nta nimelichovya mara mbili, ili usije ukasema.

Kama bado ni dogo kwako, nenda kaoshwe masikio. Nakusihi kama ndugu.

Mpwa wangu amenipigia. Anasema ukimuuliza baba yake yukoje, baba yake anasema yuko sawa, na ukimuuliza sawa vipi, anasema sawa sawa. Nikamwambia hata mimi niko hivyo hivyo.

Sahau


Tarehe 10 Machi

Shemeji Sahau,

Hili la pili lina sauti kama mtu mfupi aliyepewa kipaza sauti. Glasi kabatini ziligongana. Ni kubwa, ni zuri, na halisikii.

Nilipima hivi. Nimeweka gitaa jikoni mahali pake, nikafungua amplifaya, nikakaa kwenye kigoda, nikasema neno karibu na nyuzi. Kimya. Nikasema tena, kwa adabu zaidi. Kimya. Nikabisha kwa kidole kwenye mbao. Hakuna mtu.

Lile la zamani likirudishwa, ukisema linasema.

Nilipiga nalo Jumamosi. Limepiga yowe mara mbili. Kinanda kimeshaletwa jukwaani. Kimekaa pembeni yangu kimefunikwa kitambaa, kama mrithi aliyewahi kufika kabla mgonjwa hajafunga macho. Mpiga ngoma anakiamkia kila akipita, eti tusije tukakosana nacho.

Tafadhali jaribu tena.

Magoti


Tarehe 16 Machi

Shemeji Magoti,

Sasa nimekuelewa, na nimekasirika.

Sikio la gitaa linalosikia maneno ya watu ni ugonjwa. Si sifa, si ufundi. Kazi yake ni nyuzi tu. Likisikia mtu akiongea, maana yake nyaya zimelegea ndani na zinatetemeka kwa kila upepo. Ndicho kinacholeta yowe. Huwezi kutaka lisikie maneno ukakataa yowe. Yote mawili yametoka tumbo moja. Wewe unaniandikia barua tatu kuniomba ugonjwa, tena mpya, tena ufungwe kwenye boksi.

Miaka ishirini na miwili umenicheka kwa kosa lile lile. Leo nimelirekebisha mara mbili, unaniambia nilirudie?

Nimekusukia sikio safi. Kiongozi wako amelipenda. Kinanda kinakungoja kama fisi. Kwa nini? Unataka kusikia nini? Niandikie kwa Kiswahili kinachoeleweka, maana mimi ni fundi wa mota na sikusomea mafumbo.

Sahau


Tarehe 25 Machi

Shemeji,

Umeuliza. Naandika haraka kabla sijajirudi.

Kigoda nilichokutajia ni cha dada yako. Kilikaa upande wa kulia wa gitaa, pale sikio lilipo. Mimi nikifanya mazoezi, yeye alikaa hapo akishonea watu vifungo. Na lile sikio lako lilimsikia. Akisema “chai inapoa”, maneno yalitokea kwenye spika upande wa pili wa jikoni, membamba, kama ya mtu anayeita akiwa ndani ya debe.

Siku ya kwanza alishtuka akajichoma sindano. Baadaye ukawa mchezo wake. Anainamia nyuzi, anakaza sauti kama mtangazaji wa kituo cha basi: “Tangazo, tangazo. Mwenye gitaa hili anatakiwa kutoa takataka kabla hazijatoka zenyewe.” Mimi najibu, “Nakuja.” Kisha siendi, na tangazo linarudiwa.

Siku moja bendi ilikuja kufanya mazoezi kwetu. Kiongozi akasimama kando ya kigoda akamnong'oneza mpiga ngoma kwamba magoti ya Magoti yameanza kuzeeka. Spika ikatangaza nyumba nzima. Dada yako alicheka mpaka akakaa sakafuni, vifungo vikatawanyika, na mpaka leo nikifagia nakutana na kimoja.

Tangu tumzike Oktoba sijalia. Si ushujaa. Natafuta mahali pa kuanzia sipaoni. Wakisema pole nasema asante. Wakisema kula nakula. Jumamosi mikono inapiga na mimi naitazama, kama mtu anayetazama mafundi wakijenga kwa jirani.

Sina wazimu. Najua hatasema kitu. Nataka tu chombo ambacho angesema kingesikia. Haya mawili uliyonitumia yameziba masikio, na mimi kukaa jikoni na kitu kilichoziba masikio siwezi.

Na moja zaidi, kwa kuwa kalamu imeshafunguka. Dereva wa basi la huko kwenu ni kaka wa mpiga ngoma wetu. Siku ya mazishi basi lilifika saa nne kasoro robo, bila hitilafu, na kiti kimoja kitupu. Sikuulizi. Nakwambia tu kwamba nimejua tangu siku hiyo, na chakula chako nilikiweka kimefunikwa mpaka jioni.

Magoti


Tarehe 3 Aprili

Shemeji,

Barua yako nimekaa nayo wiki nzima. Nitaijibu kuanzia mwisho.

Basi halikuharibika. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kituoni, nina begi, nina shati lililopigwa pasi. Nikakaa kwenye benchi. Dereva akaita mara tatu. Mguu ulikuwa umeingia ganzi, nikasema ikiisha nitapanda. Basi likaondoka, ganzi ikabaki. Nikarudi karakana, nikafungua mota ya mashine ya kusaga ya mtu ambaye hakuwa na haraka, nikaanza kuisuka upya. Ukihesabu mizunguko huwezi kufikiri kingine. Ukifikiri tu, hesabu inapotea na unaanza upya. Tangu siku ile, shemeji, sijapoteza hesabu hata mara moja. Mota zangu hazijawahi kuwa nzuri hivi. Wateja wanasifu.

Sasa la pili, na hili niliapa nisiliseme.

Nta sikuisahau.

Zilibaki siku mbili harusi yenu ifike. Nta ilikuwa jikoni inayeyuka sufuriani, sikio liko mezani, limeshamalizika kusukwa. Dada akaingia kuja kulichukua, zawadi yake ya kukupa. Nakumbuka kila neno.

“Lete.”

“Dada, bado nta.”

“Muda gani?”

“Dakika ishirini, kisha lipoe mpaka kesho.”

“Nta ya nini?”

“Isipokuwepo litasikia kila kitu. Hata mtu akiongea chumbani.”

Akalichukua mezani, akalitazama kama anayechagua nyanya.

“Yule mwanaume akianza kupiga unaweza kumwita mara tatu, hasikii,” akasema. “Nyumba inaweza kuungua. Basi acha gitaa lake linisikie mimi.”

“Litampigia yowe, dada.”

“Na mimi nitampigia. Atazoea.” Alikuwa ameshalitia kwenye mkoba. “Akiuliza, sema ulisahau.”

“Na jina langu la ufundi?”

“Jina lako litapona, mdogo wangu.”

Halikupona. Ukanibatiza Sahau kabla mwaka haujaisha, na kila ulipoliita mezani dada alinitazama pembeni ya kikombe. Nikawa naficha uso kwenye sahani. Alikufa anajua kwamba sikumtaja. Nilidhani hilo lingenisaidia kitu.

Boksini kuna la tatu. Mizunguko ile ile ya lile la harusi yenu, sumaku za aina ile ile. Halijaonja nta. Litasikia. Na ukumbini litapiga yowe, usije ukasema sikukwambia. Mwezi wa mwisho umeshaanza na kinanda kiko pembeni yako. Chagua ukijua.

Sahau


Tarehe 15 Aprili

Fundi,

La tatu limefika. Nimelifunga Jumapili mchana, baada ya simu ya mpwa wako.

Nilifungua amplifaya nikaacha hivyo bila kugusa uzi. Likaanza kusikia. Bomba linalodondoka, ambalo nimekuwa nikisema nitalitengeneza. Friji. Kiti changu. Jirani akikohoa ng'ambo ya ukuta. Nikakaa kwenye kigoda. Nimegundua ni kifupi kuliko nilivyodhani. Sikuwahi kukikalia kwa muda mrefu yeye akiwepo.

Nikainamia nyuzi nikasema, “Chai inapoa.”

Ikatoka kwenye spika, nyembamba, kutoka ndani ya debe. Ilikuwa sauti yangu. Sijui nilitegemea ya nani. Na kwa mazoea nikajibu, “Nakuja.” Nayo ikatoka.

Sikulia, nakwambia ili usianze kumpigia simu mpwa wako. Nilikaa tu. Nilipoinuka chai ilikuwa imepoa kweli.

Kazi yako ni nzuri, Fundi. Linasikia kila kilichomo nyumbani. Kila kilichomo. Siku tatu nimelisikiliza, na sasa najua orodha yote kwa kichwa: bomba, friji, kiti, jirani, mimi. Hakuna niliyemruka.

Uliniandikia nichague. Kwanza nilifikiri nachagua kati yake na bendi. Lakini yeye alitaka gitaa limsikie kwa sababu mimi nilikuwa sisikii. Hiyo habari imenifikia kwa kuchelewa, kama barua iliyopita mikono ya watu wengi, lakini imenifikia. Lile lake la zamani nimelifunga kwenye kitambaa nikaliweka kwenye kopo la vifungo. Haliunganishwi tena na kitu.

Hili jipya lichovywe. Yale mawili ya nta yapo na yangetosha ukumbini, lakini nataka hili, lililowahi kuisikia nyumba.

Silirudishi kwa basi. Jiko lipo, na sufuria ipo, ile ndogo iliyovunjika mpini ambayo alinikataza kuitupa. Njoo na nta. Ukumbi ni Jumamosi ya tarehe 26, na kiongozi ameshaanza kukipangusa kinanda vumbi.

Nimemwambia mpiga ngoma kwamba wewe si Sahau, ilikuwa uongo tangu mwanzo. Ameuliza sasa unaitwa nani. Nikasema shemeji.

Magoti


Tarehe 20 Aprili

Shemeji,

Nakuja Ijumaa kwa basi la asubuhi. Nimekata kiti cha nyuma ya dereva, aniangalie kwenye kioo. Mguu ukiingia ganzi nimemwambia aniburute.

Nta ninayo, nusu ya nyuki, nusu ya mishumaa. Sufuria hiyo naijua, tulichemshia maziwa tukiwa watoto na mpini niliuvunja mimi. Usianze bila mimi. Moto uwe mdogo sana. Nta ikizidi joto itaharibu sikio, ikipungua haiingii ndani. Mapovu yatapanda, kwanza mengi, kisha moja moja. Ndiyo hewa iliyokaa katikati ya nyaya inatoka. Likiisha la mwisho, basi, halitasikia tena mtu, litasikia nyuzi tu, na Jumamosi utapiga.

Nikifika nipeleke kwanza alipozikwa. Usiseme kitu njiani, na mimi sitasema.

Jina liache kama lilivyo. Nimelizoea, na kumbe ni yeye aliyenipa.

Mapovu huchukua kama dakika ishirini. Mimi sina maneno ya kujaza dakika ishirini, na wewe nakujua. Niwekee kigoda, wewe kaa kwenye kiti chako. Tutaangalia mapovu.

Sahau